Kosa la Kamba, Lawama kwa Ng'ombe

Wazee wetu walisema kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Methali hii siku hizi imeharibiwa. Aghalabu nikiisikia, anayeitamka ni mtu anayetafuta kuhalalisha ulaji wake ofisini: kamba yake ni ndefu, basi na ale. Mimi, msomaji wangu, nataka kuirejesha kwa mbuzi mwenyewe. Ndani yake mna elimu ya malisho ambayo sisi walimu tuliifuta ubaoni, na mahali pake tukaandika sentensi moja fupi isiyosimama. Nasema "sisi" kwa sababu nami nilikuwa na chaki mkononi.

Sentensi yenyewe ni hii: mifugo ikizidi, majani humalizika na ardhi hugeuka jangwa. Niliifundisha kwa zaidi ya miaka 30, tangu nilipotoka chuo cha ualimu hadi nilipostaafu nikiwa mwalimu mkuu. Ilikuwamo vitabuni, ilikuwamo mitihanini, na mtoto aliyeiandika kama ilivyo alipata alama zake. Sikuwahi kujiuliza kama ni kweli. Mwaka 2023 ikanirudia mwenyewe.

Kulikuwa na kikao cha watu wa mtaa wetu hapa Konde. Shauri lililoletwa lilikuwa kupiga marufuku kufunga ng'ombe na mbuzi katika uwanja wa wazi na mashamba yaliyolala, kwa sababu pamekuwa peupe na mvua ikinyesha udongo unakwenda bondeni. Akasimama kijana mmoja, naye si kijana tena, ana cheo chake na mvi zake. Akasema, "Mifugo ikizidi, majani humalizika na ardhi hugeuka jangwa. Maneno haya si yangu. Maalim yuko hapa, ndiye aliyetufundisha." Watu wakanigeukia wakicheka kwa furaha. Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa mjane ambaye mali yake yote ni ng'ombe jike mmoja na ndama wake, na kama marufuku yangepita, angelazimika kuwauza wote wawili kabla ya masika. Alinitazama akingoja niseme neno.

Kabla sijaeleza nilisema nini, lazima niungame jambo la zamani. Mwaka 1983 nilitoa mtihani wenye swali hili: taja sababu kuu inayofanya nyanda za malisho zigeuke jangwa. Mtoto mmoja wa darasa la saba, ambaye watu wao walifuga upande wa Maziwang'ombe, aliandika: "Kutohamishwa." Neno moja. Nilimpiga mkasi mwekundu, nikamwandikia sifuri juu ya mbili. Alinifuata mezani akaniuliza, "Maalim, sisi kwetu tuna ng'ombe saba na majani yapo. Jirani yetu ana mmoja, na kwake ni vumbi tupu. Basi waliozidi ni wa nani?" Nilimwambia akakae kitako. Mwalimu asiyekuwa na jibu hujificha nyuma ya kitabu, nami nilijificha.

Mtu wa bara atauliza: Mpemba anajua nini habari za nyanda kavu? Kwenu mvua hainyeshi? Hunyesha, tena sana. Lakini wilaya yetu ya Micheweni ina nchi mbili. Upande wa Konde na Ngezi mna udongo mzito na msitu. Ukienda mashariki, kuelekea Micheweni yenyewe na Kiuyu, unaingia maweni, nchi ya jiwe la matumbawe lenye udongo wa kiganja kimoja juu yake. Pale mvua hupita kama maji katika kikapu. Wiki mbili za jua baada ya masika, majani yamekwishabadilika rangi. Mbingu ni ya Pemba, lakini ardhi ina kiu kama ya bara. Na watu wa pale wanafuga.

Wanafugaje? Kwa kamba. Hatuna mbuga za kuachia makundi. Ng'ombe hufungwa kamba, ncha ya pili hufungwa kwenye kigingi au shina la mti, naye huzunguka na kula duara lake. Mwenye bidii humhamisha asubuhi, adhuhuri na alasiri, na hapigi kigingi mahali pale pale mpaka majani yamerudi. Mvivu, au mgonjwa, au asiye na ardhi ya kuhamia, humwacha. Siku ya kwanza ng'ombe hula majani mabichi. Siku ya tatu hula yale aliyoyaacha. Siku ya saba anakula machipukizi yaliyokuwa yakijaribu kutoka. Baada ya hapo ni kwato na vumbi. Duara hilo jeupe kila Mpemba amelipita akienda skuli. Ng'ombe aliyelifanya ni mmoja.

Duara hilo limebeba somo lote, nami nililipita maisha yangu yote bila ya kulisoma. Ilinibidi nisafiri mpaka Kondoa.

Nilikwenda mwaka 1996 kumtazama shemeji yangu aliyekuwa na duka la vitambaa mjini pale, kama ilivyo desturi ya Wapemba kutafuta riziki kila mji wa bara. Njiani kutoka Dodoma niliona makorongo ambayo basi letu lingeweza kuzama humo likapotea. Nikaona pia vilima vilivyofunikwa majani na miti michanga, na nikaambiwa kwamba miaka 20 nyuma vilikuwa vyekundu kama nyama iliyochunwa ngozi. Habari yake ni mashuhuri. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uitwao HADO, kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote iondoke katika eneo lililomomonyoka, kilomita za mraba 1,256, na wanyama wanaokaribia 90,000 wakatolewa. Majani yakarudi, miti ikarudi, na wageni wakaletwa kutoka nchi nyingi kuja kutazama.

Kusema kweli, nilifurahi. Nikajiambia: naam, sentensi yangu hii hapa, imeandikwa juu ya vilima. Ondoa ng'ombe, majani yanarudi. Basi ng'ombe ndiye mkosa.

Baada ya sala ya alasiri nilikaa barazani na mzee mmoja Mrangi, nikamsifia nchi yake ilivyopona. Akanijibu kwa upole, "Ni kweli, Mwalimu, majani yamerudi. Lakini umeuliza ng'ombe walikwenda wapi?" Sikuwa nimeuliza. Walishushwa tambarare, kwa jamaa na kwa watu wengine, juu ya malisho ambayo nayo yalikuwa na wenyewe, na mzigo wa vilima ukahamia kule. Wengine waliuzwa kwa bei ya kutupa. Waliobaki vilimani wakakosa maziwa ya watoto na samadi ya mashamba, mpaka miaka kama 10 baadaye walipoanza kuruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa ndani ya mabanda. Mzee yule hakulaani mradi. Alisema tu kwamba dawa ilikuwa kali, na kwamba aliyeinywa hakuulizwa.

Baadaye nikajifunza jambo jingine. Wataalamu waliochimba na kupima umri wa tabaka za udongo wa vilima vile vya Irangi wamekuta kwamba mmomonyoko ulianza zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, kabla ya zizi la kwanza kujengwa pale. Hali ya hewa ilibadilika, mteremko ukavuliwa, mvua ikachukua. Karne nyingi baadaye wakaja wakulima na wafugaji, wakakata misitu, na jeraha likafunguka tena. Ng'ombe alikuwa mmoja wa washitakiwa. Sisi tulimhukumu peke yake, na wenzake tukawaacha huru.

Naomba msomaji anivumilie kidogo nieleze jinsi majani yanavyoishi, kwani mtu akilijua hili hatadanganywa tena kwa sentensi fupi.

Majani hayafanani na mti. Mti hukua kwa ncha zake. Ukikata ncha umeuumiza. Majani, kama ukoka wetu, huchipukia chini, karibu na udongo, ndiyo maana ng'ombe akiyakata juu hayafi. Yakikatwa hutoa akiba iliyoko katika mizizi ili yachipue, kisha majani mapya yakipata jua huijaza tena akiba ile. Kwa hiyo kuliwa mara moja na kupumzishwa hakuyadhuru. Kinachoyaua ni kuliwa tena kabla ya akiba kurejea, na tena, na tena, mpaka mizizi imefilisika. Hapo majani ya kudumu, yenye mizizi mirefu, huondoka. Mahali pake huja majani ya msimu mmoja, yanayoota na mvua na kufa nayo. Yakidhoofika hayo nayo, huja vichaka vya miiba, kwa sababu moto uliokuwa ukivizuia hauna tena majani ya kuupitisha. Mfugaji wa bara anaijua safari hii hatua kwa hatua. Ndiyo hiyo hiyo ya duara la kigingi, ila pale kamba haionekani.

Na ardhi ikishavuliwa, mvua hugeuka adui. Huko Mpwapwa, katika miaka ya 1930, walipima maji na udongo katika viwanja vidogo vilivyo kando kwa kando. Penye majani, chini ya asilimia 2 ya mvua ilikimbia juu ya ardhi, na udongo haukupotea. Penye udongo mtupu, nusu ya mvua ilikimbia na kuondoka na udongo tani kwa tani. Hapo sina ubishi: anayesema malisho yaliyovuliwa hayana madhara, huyo hajaona korongo. Lakini katika majaribio hayo hayo, shamba la nafaka lililolimwa kwa jembe lilipoteza kama robo ya mvua yake pamoja na udongo mwingi. Mbona hatukuandika ubaoni kwamba majembe yakizidi ardhi hugeuka jangwa? Kwa sababu aliyeandika kitabu alikuwa mtu wa jembe, na aliyekisoma alikuwa mtu wa jembe. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Sasa nije kwenye neno "kuzidi". Bwana mifugo alipokuja skuli kwetu zamani alituambia kwamba kila ardhi ina idadi yake: hekta kadhaa kwa ng'ombe mmoja, basi. Hesabu hiyo inafaa mahali ambapo mvua ni ile ile kila mwaka. Mkoa wa Dodoma hupata kwa wastani chini ya milimita 600, na wastani huo ni jina tu. Mwaka huu inanyesha hapa, mwakani inaruka bonde zima na kunyesha kule. Idadi ipi basi ndiyo sawa, ya mwaka wa neema au ya mwaka wa njaa? Mwaka 1988 wataalamu wawili, Ellis na Swift, waliandika kuhusu Waturkana wa kaskazini ya Kenya wakaonyesha kwamba katika nchi kavu namna ile majani hufuata mvua zaidi kuliko yanavyofuata idadi ya mifugo. Ukame hupunguza wanyama kabla wao hawajaweza kuyamaliza majani. Mwaka 1993 kikatoka kitabu kizima cha Behnke, Scoones na Kerven kikiendeleza hoja hiyo. Wenzao wamebishana nao, na ubishi una maana, kwani penye maji ya kudumu, au penye chakula cha kununua kinachowavusha wanyama ukame, mifugo inaweza kweli kuimaliza ardhi. Lakini baada ya miaka yote hiyo hakuna sababu ya mwalimu kuendelea kuandika sentensi yangu kana kwamba imeteremshwa kutoka mbinguni.

Tazama na Serengeti. Maradhi ya sotoka yaliingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, yakaua ng'ombe kwa wingi usiosemeka na nyumbu pamoja nao. Ng'ombe walipochanjwa katikati ya karne ya 20, nyumbu nao wakapona. Mwaka 1961 walihesabiwa kama 250,000. Mwaka 1977 walikuwa wamepita milioni 1. Kwa hesabu yangu ya ubaoni, Serengeti ilipaswa kuwa jangwa. Haikuwa. Nyumbu walikula majani yaliyokuwa yakiungua kila kiangazi, moto ukapungua, na miti ikaongezeka. Midomo ile haikuiangamiza nchi, kwa sababu ilikuwa ikitembea. Kila mwaka hufuata mvua kutoka tambarare za kusini hadi Mara na kurudi, na nyuma yao ardhi inapumzika. Hakuna aliyewapigia nyumbu kigingi.

Mmasai, Mbarbaig, Mturkana na Msukuma walijua hili kabla ya vyuo vyetu. Walikuwa na malisho ya masika na malisho ya kiangazi, na sehemu zilizofungwa kwa ajili ya ndama na ng'ombe dhaifu. Watu wa mjini waliita hali hii kutangatanga, na mimi niliifundisha hivyo hivyo: mfugaji anatangatanga kwa kuwa hana maendeleo. Sasa jiulizeni nani alimfunga kamba. Penye malisho ya kiangazi, yaani mabonde yenye maji, pakalimwa. Penye malisho ya masika pakawekwa hifadhi. Mwaka 1974 na uliofuata watu wakakusanywa katika vijiji, na zizi la kila mmoja likawa jirani ya la mwenzake. Kisha tukasimama kando tukiyatazama madaraja na visima vyetu vilivyozungukwa na vumbi, tukasema: ona jinsi ng'ombe wanavyoharibu nchi. Huku ni kumfunga mtu miguu kisha kumcheka kwamba hajui kutembea.

Mfano ulio wazi zaidi ni Usangu. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi mwaka 1993, na mabwawa ya umeme yakapungua maji. Mwaka 2006 wafugaji na makundi yao wakaanza kuondolewa katika bonde lile na ardhioevu ya Ihefu, wakapelekwa mikoa mingine kwa njia ndefu na hasara kubwa. Ilhali watafiti waliopima maji kwa miaka walikuwa wamekwishaandika kwamba sababu kubwa ya mto kukauka ni maji yanayochepushwa kiangazi kwenda mashambani, hasa ya mpunga. Mpunga ni chakula, nami naula. Lakini hukumu ilimwangukia yule ambaye mali yake hutembea, kwa kuwa huyo ndiye rahisi kufukuzwa. Shamba halifukuzwi.

Najua nitajibiwa: je, mzee huyu anatuambia idadi si kitu? Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na ardhi haiongezeki. Sisemi hivyo. Kamba ikishakuwa fupi, kila mdomo unaoongezwa una uzito wake. Na wapo matajiri wanaokaa mjini na makundi yao yako maporini, yakichungwa na vijana wa mshahara mdogo, wasiojua malisho yale ni ya nani wala hawatakuwepo yatakapokwisha. Hao wahesabiwe, tena wahesabiwe vizuri. Ninachokataa ni kuanza na kuishia kwenye hesabu ya pembe. Hesabu ya kwanza iwe ya siku: majani haya yameliwa lini, na yamepumzika siku ngapi? Asiyeweza kujibu swali hilo hana haki ya kumwambia mtu apunguze ng'ombe wake.

Wala hili si ndoto ya mstaafu. Shinyanga ilifyekwa misitu tangu miaka ya 1920 ili kumfukuza mbung'o, ikalimwa pamba, ikasongamana watu na mifugo, mpaka ikasemwa ni jangwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Busara yake ilikuwa kutokuja na amri ya kuhamisha. Uliwauliza Wasukuma wazee walikuwa wakifanya nini, nao wakajibu: ngitili. Ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa sehemu kwa sehemu kiangazi kikikaza, chini ya sheria za wenyeji na faini zao. Zilikuwa zimefifia, hasa baada ya watu kuhamishwa kuingia vijijini. Mwaka 1986 zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zaidi ya 300,000. Ng'ombe wakabaki, na majani na miti ikarudi, pamoja na kuni, asali na dawa. Mwaka 2002 mradi ulipewa tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Linganisha na Kondoa. Vilima vya pande zote mbili vilipona, lakini upande mmoja mfugaji alipona pamoja navyo.

Huko Kiteto nako, katika miaka ya 2010, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliamua kuunganisha malisho yao yawe eneo moja la pamoja, wakaliita OLENGAPA kwa silabi za majina yao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliwapa njia. Walifanya nini hasa? Walirefusha kamba. Kijiji kimoja peke yake kilikuwa duara. Vijiji vitatu vikawa mahali pa kuhamia.

Sasa nirudi Konde, kwenye kikao, na yule mjane anayenitazama.

Nilisimama nikasema, "Sentensi hiyo ni yangu, kweli, na nilikufundisheni vibaya." Pakawa kimya. Nikaomba tutoke nje. Tukaenda mpaka kwenye kigingi cha yule mama. Duara lake lilikuwa jeupe, sikulificha. Nikamuuliza mbele ya watu kwa nini hamhamishi ng'ombe wake. Akajibu kwamba kila anapokwenda hufukuzwa, hapa ndipo mahali pekee ambapo hakufukuzwa bado. Kisha tukavuka njia mpaka kwa bwana mmoja mwenye ng'ombe sita na shamba la urithi lenye minazi, ambaye huwazungusha. Chini ya minazi ile ukoka ulifika kwenye vifundo vya miguu. Ng'ombe sita na majani. Ng'ombe mmoja na vumbi. Nilikuwa nimeulizwa swali hili hili mwaka 1983, na nilichukua miaka 40 kulijibu.

Sitamdanganya msomaji kwamba watu wote walikubali. Yule mwanafunzi wangu mwenye cheo alisema, kwa adabu, kwamba Maalim amezeeka. Almuradi marufuku hayakupita. Tulikubaliana kuugawa uwanja mafungu manne kwa muda wa mwaka mmoja, fungu moja tu lifungwe wanyama kwa wakati, matatu yapumzike, na mwenye shamba lililolala aruhusu kigingi kwa siku chache kwa malipo ya samadi. Mafungu mawili yamerudi vizuri. Moja limerudi nusu. La nne, lililo kwenye mteremko, bado ni jeupe, na nadhani hilo lilihitaji kupumzishwa zamani, kabla hatujaanza kugombana. Yule mama anaye ng'ombe wake bado, na ndama amekua mtamba.

Kwa walimu wenzangu wanaoshika chaki leo nina ombi moja. Futeni sentensi ile. Kama lazima muandike moja mahali pake, andikeni kwamba majani huuawa kwa kutopumzishwa, kisha wapelekeni watoto nje wakatazame kigingi kilicho karibu, wahesabu ng'ombe na wahesabu siku. Msiwafundishe kumlaumu mfugaji kabla hawajauliza alikuwa na mahali gani pa kuhamia. Watoto hao ndio watakaokuwa mabwana shamba, masheha na mawaziri, na sentensi mtakayowapa leo watakuja kuitolea amri.

Mtoto yule wa upande wa Maziwang'ombe sijui aliko. Kama yu hai na kitabu hiki kikimfikia, ajue kwamba nilikosea kusahihisha. Jibu lake lilikuwa sahihi, na alama zake ni mbili juu ya mbili.